Uvimbe kwenye Figo: CT Inaona Nini, na Inaishia Wapi

  Kipindi kilichopita tulimaliza habari ya mawe ya figo. Leo tunabaki palepale kwenye figo, ila tunageukia jambo jingine: uvimbe unaoota ndani ya figo, na jinsi kipimo cha CT kinavyotumika kupambanua uvimbe wa aina hii na ule wa aina ile.

Tuseme mama amekwenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya nyongo. Amepakwa ile dawa ya ubaridi tumboni, daktari anapitisha kifaa cha ultrasaundi. Nyongo ameiona, ini ameliona, kila kitu shwari. Akifika upande wa figo ya kulia, anatulia. Anarudia tena. Halafu kwenye karatasi anaandika: kuna uvimbe kwenye figo, sentimita 3, afanyiwe CT. Mama anarudi nyumbani na karatasi ile, mtoto wake anaisoma, shangazi anapigiwa simu, na kabla jua halijazama neno saratani limeshaingia ndani ya nyumba. Kipimo chenyewe bado hakijafanyika!

Katika nchi zenye vipimo vingi, zaidi ya nusu ya saratani za figo hugunduliwa namna hii, kwa bahati, mtu akiwa anatafutiwa ugonjwa mwingine kabisa. Huku kwetu bado wengi huja wakati uvimbe umekuwa mkubwa, mkojo una damu, ubavu unauma. Na hapo pana jambo la kusema haraka kabla hatujaendelea. Pwani na visiwani, mtu akikojoa damu, jibu la kwanza la jirani ni kichocho. Mara nyingi jirani amepatia, hasa kwa mtoto anayeoga mabwawani. Lakini mzee wa miaka 60 anayekojoa damu bila maumivu yoyote, akapewa dawa ya kichocho, damu ikakoma wiki mbili kisha ikarudi, huyo anahitaji kuangaliwa figo na kibofu. Damu ya uvimbe ina tabia ya kuja na kuondoka, na kule kuondoka ndiko kunakotudanganya.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hili nitalirudia mara kadhaa leo. Si kila uvimbe wa figo ni saratani. Na saratani za figo zenyewe si moja.

Ziko za namna gani? Nitataja chache tu, msihofu majina. Kwanza kuna vifuko vya maji. Hivi ni vya kawaida mno. Ukiwapima watu waliovuka miaka 50, utawakuta wengi wanavyo na hawajui, na watazeeka navyo bila tatizo. Pili kuna uvimbe usio saratani. Mmoja unaitwa anjiomiolipoma, ni mchanganyiko wa mishipa ya damu, misuli na mafuta. Mwingine unaitwa onkositoma, na huu tutaurudia kwa sababu umetusumbua sana sisi tunaosoma picha. Kisha ndipo zinakuja saratani. Iliyo nyingi kuliko zote ni ile ya seli angavu, inayochukua karibu robo tatu ya saratani za figo kwa watu wazima. Inafuata ya papilari, halafu ya kromofobu. Hizi tatu zinazaliwa kwenye nyama ya figo, lakini tabia zake hazifanani. Ya seli angavu ndiyo hupenda zaidi kusafiri kwenda mapafuni na kwenye mifupa. Ya kromofobu kwa kawaida ni ya upole.

Kwa hiyo daktari anapoomba CT, haulizi tu kama uvimbe upo. Kuwapo kwake ameshakujua. Anauliza ni upi.

Mashine hii ya CT inafanyaje kazi? Nitaeleza kwa ufupi, kisha nitoe hadithi yake kidogo kwa sababu Afrika imo ndani yake. Picha ya eksirei ya kawaida, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hupitisha mionzi upande mmoja wa mwili ikatokea upande wa pili, na kila kilichomo njiani hubandikana: mbavu juu ya utumbo, utumbo juu ya figo. Katika CT, chanzo cha mionzi kinauzunguka mwili, mionzi inapita kutoka pembe nyingi, na kompyuta inapiga hesabu ya kila nukta ndani ya tumbo: hapa mionzi imezuiwa kiasi gani? Matokeo yake ni picha ya kipande kimoja kimoja, na figo inaonekana peke yake bila kufunikwa na kitu.

Hesabu hiyo ya pembe nyingi aliishughulikia mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1956 alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, akapangiwa kwenda kwa muda hospitali ya Groote Schuur kusimamia matumizi ya mionzi. Akiwa pale akajiuliza, tunawezaje kujua ndani ya mwili mionzi inapungua kiasi gani mahali hapa na mahali pale? Makala zake alizichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Miaka michache baadaye mhandisi Mwingereza, Godfrey Hounsfield, mtu ambaye hakuwa hata na shahada ya udaktari wa falsafa, akaitengeneza mashine yenyewe. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali moja ya Wimbledon, London. Mwaka 1979 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel ya tiba. Mimi hupenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba mmoja wa baba wa mashine hii alianza kuiwazia kwenye hospitali ya Afrika.

Jina la Hounsfield limebaki katika namba tunazosoma kila siku. Katika namba hizo maji ni 0. Hewa ni hasi 1000. Mafuta ni mepesi kuliko maji, nanyi mnayaona yakielea juu ya mchuzi, basi na kwenye CT yanakaa chini ya maji, kwenye hasi 100 hivi. Nyama ya figo, kabla mgonjwa hajachomwa dawa ya kung'arisha picha, ambayo nitaieleza punde, inakaa kama 30. Mfupa unapanda hadi mamia, hata 1000. Mnaona faida yake? Ultrasaundi inamwambia daktari hapa pana kitu. CT inamwekea kitu hicho namba, na namba inaweza kusema: ndani humu mna mafuta, au ndani humu mna maji matupu.

Na hapa ndipo CT inapotoa zawadi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu. Watu hudhani kazi yake kubwa ni kugundua saratani. Mimi nasema kazi yake kubwa kwenye figo ni kuwatoa kwenye foleni ya upasuaji wale wasiostahili kuwamo. Ukiweka alama ndani ya uvimbe, ukapata namba ya mafuta, hasi 10 au chini zaidi, basi karibu kila mara huo ni anjiomiolipoma, si saratani. Mama wa watu amepona upasuaji kwa namba moja! Atafuatiliwa, kwa sababu uvimbe huu ukivuka kama sentimita 4 mishipa yake inaweza kupasuka na kuvuja damu, hasa kwa mjamzito, lakini hatakatwa figo kwa hofu.

Nimesema karibu kila mara. Zipo saratani chache zenye mafuta kidogo ndani, na mara nyingi hizo huwa na chembe za chokaa pia. Mafuta pamoja na chokaa, daktari asitulie. Na upande wa pili, zipo anjiomiolipoma chache zenye mafuta machache mno hata CT haiyaoni, nazo hujifanya saratani. Tutafika huko.

Vifuko navyo vivyo hivyo. Kifuko chenye ukuta mwembamba na namba ya maji, kisichobadilika kwa dawa, achana nacho. Daktari wa New York aitwaye Morton Bosniak alipendekeza mwaka 1986 namna ya kuvipanga vifuko kwa madaraja, na madaraja yake tunayatumia mpaka leo, yakiwa yamefanyiwa marekebisho mwaka 2019. Msikilizaji, ukikuta kwenye ripoti yako neno Bosniak, usidhani ni jina la ugonjwa. Bosniak 1 na 2 ni habari njema. Iliyoandikwa 2F ni ya kufuatilia kwa picha. 3 ni njia panda, na 4 ina sehemu nene inayopokea damu, hiyo huchukuliwa kuwa saratani hadi ithibitike vinginevyo.

Sasa tuje kwenye dawa. Wengi wenu mliofanyiwa CT mnaikumbuka: sindano mkononi, kisha joto linapita mwilini mzima, mpaka mtu anadhani amejikojolea. Hiyo ni dawa ya kontrasti, ina iodini, na iodini inazuia mionzi, kwa hiyo kila inapofika damu, picha inang'aa. Kwa nini ni muhimu hapa? Kwa sababu uvimbe wa figo unajitambulisha kwa namna unavyopokea damu, na hasa kwa wakati unaoipokea. Nitatoa mfano mmoja tu, wa shambani. Mvua ikinyesha, mchanga unainywa papo hapo na baada ya muda mfupi umekauka tena. Udongo wa mfinyanzi unalowa polepole na kushika maji. Ukifika shambani mara moja tu, baada ya mvua, utaona pote pamelowa. Ukitaka kujua udongo upi ni upi, lazima uangalie kabla ya mvua, wakati wa mvua, na baadaye.

Ndivyo inavyofanyika CT ya figo iliyopangwa vizuri. Mzunguko wa kwanza unapigwa kabla ya dawa. Wa pili unapigwa sekunde 30 hadi 40 baada ya dawa kuingia, wakati damu yenye dawa imejaa gamba la nje la figo. Wa tatu kwenye sekunde 100 hivi, figo nzima imeshang'aa sawasawa. Na wa nne, ikihitajika, baada ya dakika kadhaa, dawa ikiwa imeanza kutoka na mkojo.

Uvimbe wa seli angavu ni ule mchanga wetu. Katika mzunguko wa pili unang'aa sana, mara nyingine kushinda figo yenyewe, halafu kwenye wa tatu umeshafifia. Sababu yake inajulikana. Katika seli hizi, mara nyingi kinasaba kimoja kiitwacho VHL kimeharibika, na kikiharibika seli hudhani hazina hewa ya kutosha, zikaanza kuita mishipa mipya ya damu bila kukoma. Kwa hiyo uvimbe unajaa mishipa. Na kwa kuwa unakua kuliko uwezo wa mishipa hiyo, katikati yake hufa na kuvuja damu, ndiyo maana kwenye picha unaonekana mabakamabaka.

Wa papilari ni kinyume chake. Unapokea dawa kidogo, polepole, na mara nyingi rangi yake ni moja kote. Huu ndio unaonitia hofu mimi kuliko mwingine. Kwa nini? Kwa sababu mtu akipiga mzunguko mmoja tu, baada ya dawa, uvimbe wa papilari unaweza kuonekana kama kifuko chenye maji mazito. Mgonjwa ataambiwa ana kifuko, nenda nyumbani. Tunaukamata kwa kulinganisha namba zake kabla ya dawa na baada ya dawa. Namba ikipanda kwa 20 au zaidi, pana nyama hai pale, si maji. Ikipanda chini ya 10, hakuna kinachopokea damu. Katikati ya hapo ni eneo la shaka, na daktari mwaminifu ataomba kipimo kingine, kwa kawaida MRI.

Mnaona basi kwa nini mzunguko ule wa kabla ya dawa una thamani? Bila huo hatuna cha kulinganishia. Na ajabu ni kwamba ndio unaorukwa mara nyingi!

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu hapa pana lawama na sitaki kuitupia mashine. Miaka ya karibuni mashine za CT zimefika kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa, ilhali zamani mgonjwa alilazimika kusafiri hadi hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando au KCMC. Ni hatua kubwa. Lakini mashine inajibu swali ililoulizwa. Fomu ikija imeandikwa "CT ya tumbo", basi, bila neno jingine, mteknolojia atapiga CT ya tumbo ya kawaida: dawa inaingia, mzunguko mmoja, mgonjwa ashuke. Picha itakuwa nzuri, ini litaonekana, figo zitaonekana, na uvimbe utaonekana. Ila swali la uvimbe huu ni upi litabaki vilevile, na mgonjwa ameshalipa pesa na ameshapata mionzi. Fomu iliyoandikwa "uvimbe wa figo ya kulia sentimita 3 kwa ultrasaundi, tafadhali tambua aina" inabadilisha mpangilio mzima wa kazi. Hapo hakuna gharama ya ziada ya vifaa. Ni sentensi moja ya wino.

Na wewe mgonjwa una nafasi yako. Siku ya kipimo mwambie mteknolojia unaangaliwa nini. Peleka picha zako za zamani, hata kama ni za miaka mitano nyuma, hata kama ni za ultrasaundi tu. Uvimbe ambao miaka mitano haujakua ni habari tofauti kabisa na ule ambao mwaka jana haukuwapo.

Turudi kwenye aina. Nimeshasema ya seli angavu inang'aa na kufifia, ya papilari inapokea kidogo. Kromofobu iko katikati. Na onkositoma, ile isiyo saratani niliyosema itarudi? Vitabu vinasema ina kovu katikati, lenye umbo la nyota. Ni kweli, kovu hilo lipo mara nyingine. Lakini kromofobu nayo inaweza kuwa nalo. Na saratani ya seli angavu iliyokufa katikati inaweza kufanana nalo. Na onkositoma nyingi ndogo hazina kovu lolote. Hapa CT inaishia, wasikilizaji. Nalisema waziwazi kwa sababu kuna watu wanaamini mashine ya gharama kubwa lazima iwe na jibu la kila kitu. Onkositoma na kromofobu zinafanana kwa picha, na hata chini ya hadubini wataalamu wa maabara huhitaji uangalifu na rangi maalumu kuzitenganisha.

Ndiyo maana ripoti nzuri haisemi tu "saratani". Inasema uvimbe ni mkubwa kiasi gani, una mafuta au hauna, umepokea dawa vipi, unaelekea kuwa wa aina gani, na daktari ana uhakika kiasi gani. Neno "unaelekea" halina maana kwamba daktari hajui kazi yake. Mimi ripoti isiyo na shaka hata moja huisoma mara mbili.

Kuna jambo jingine CT inaangalia ambalo pengine linaamua matibabu zaidi ya aina yenyewe. Saratani ya figo ina tabia ya kuingia kwenye mshipa wa vena wa figo, ikapanda kwenye vena kubwa inayorudisha damu moyoni. Inaweza kukua ndani ya mshipa kama mzizi hadi karibu na moyo. Mpasuaji lazima ajue mzizi huo umefika wapi kabla hajachukua kisu. Tena kuna saratani isiyozaliwa kwenye nyama ya figo bali kwenye ngozi laini ya njia ya mkojo, pale ndani figo inapokusanyia mkojo. Hiyo inaonekana vizuri katika mzunguko wa nne, dawa ikiwa imejaa kwenye njia ya mkojo, na uvimbe ukabaki kama pengo. Upasuaji wake ni mwingine, figo hutolewa pamoja na mrija wake wote. Ukiikosea hiyo ukadhani ni ya kawaida, umemfanyia mgonjwa upasuaji usiotosha.

Na kwa mazingira yetu nisisahau kifua kikuu cha figo na majipu ya figo. Haya si uvimbe wa saratani lakini kwenye picha yanaweza kuigiza. Homa, usaha kwenye mkojo, historia ya kifua kikuu, yote haya yaandikwe kwenye fomu.

Nizungumze na wazazi kidogo. Yote niliyosema mpaka sasa ni ya watu wazima. Mtoto chini ya miaka 5 akiota uvimbe kwenye figo, tunafikiria kwanza uvimbe wa Wilms, uliopewa jina la Max Wilms, daktari Mjerumani aliyeuandikia kitabu mwaka 1899. Mara nyingi ni mama anayeugundua, akimwogesha mtoto: tumbo limevimba upande mmoja, gumu, halimuumi, mtoto anacheza. Hapa CT haitumiki kupambanua seli angavu na papilari. Inatumika kuona kama uvimbe kweli unatoka kwenye figo, au unatoka juu yake, kwenye tezi iliyokalia figo, maana huo ni ugonjwa mwingine wenye matibabu mengine. Wilms kwa kawaida huisukuma mishipa mikubwa pembeni, ule mwingine huizingira na mara nyingi una chokaa. Inaangaliwa pia figo ya pili, na mapafu. Mama yangu, baba yangu, ukiukuta uvimbe kama huo usiuminyeminye, wala usiupeleke kukandwa wala kuchanjwa. Peleka hospitali juma hilohilo. Wilms ni miongoni mwa saratani za watoto zinazotibika vizuri sana kwa dawa na upasuaji, zikiwahiwa.

Sasa maswali yenu. La kwanza linakuja kila mara: mionzi. Mzunguko mmoja wa CT ya tumbo ni kama mionzi ya asili ambayo mtu huipata kwa miaka 3 hivi kutoka ardhini na angani. Mizunguko minne ni mara nne yake. Kwa mwenye uvimbe unaohitaji jibu, faida inazidi. Kwa mtu mzima mwenye afya anayetaka tu "kujiangalia", namwambia asifanye. Na kama mtu ni mjamzito, aseme kabla hajapanda kitandani.

La pili ni la dawa ya kontrasti. Huku pwani tumezoea kusikia kwamba mtu asiyepatana na kamba au kaa hapaswi kuchomwa iodini. Hilo si sahihi. Mzio wa kamba unatokana na nyama yake, si na iodini. Cha muhimu kusema ni kama uliwahi kuchomwa dawa hiyohiyo ukavimba au ukabanwa pumzi, kama una pumu, kama figo zako hazifanyi kazi vizuri, na kama unatumia metformini kwa ajili ya kisukari. Ndiyo maana unapimwa kwanza kreatinini, kipimo cha kazi ya figo. Si usumbufu.

La tatu limeletwa na msikilizaji ambaye baba yake ameambiwa ana uvimbe wa sentimita 3 na atolewe figo nzima. Anauliza, wanawezaje kukata bila kuchukua kinyama kwanza?

Swali zuri. Kwenye titi ni lazima kuchukua kinyama kwanza. Kwenye figo, kwa miaka mingi, wapasuaji wamekuwa wakiendelea kwa kutegemea CT peke yake, kwa sababu uvimbe unaopokea dawa na usio na mafuta mara nyingi ni saratani kweli. Lakini sikilizeni: kati ya uvimbe mdogo, ulio chini ya sentimita 4, unaoonekana hivyo kwenye CT, takriban mmoja katika kila watano huja kugundulika maabara kwamba haukuwa saratani. Ni ileile onkositoma, na ile anjiomiolipoma yenye mafuta machache. Kwa hiyo kuomba kinyama kwa sindano kabla ya upasuaji ni ombi la haki, hasa kwa mzee, kwa mwenye figo moja, au kwa mwenye maradhi mengine. Hofu ya kwamba sindano itasambaza saratani ni kubwa kuliko hatari yenyewe, ambayo ni nadra mno.

Na tena, kwa uvimbe wa sentimita 3, mwulizeni mpasuaji kama sehemu yenye uvimbe inaweza kukatwa peke yake na figo ikabaki. Mara nyingi inawezekana, inategemea uvimbe umekaa pembeni au umezama katikati, na hilo liko kwenye picha zile zile za CT. Kama hospitali mliyopo haifanyi upasuaji huo, ombeni rufaa pamoja na CD ya picha, si karatasi ya ripoti peke yake, maana mpasuaji atataka kuangalia mwenyewe. Kwa mzee sana, uvimbe mdogo unaweza hata kufuatiliwa kwa picha kila baada ya miezi kadhaa bila kukatwa, kwa kuwa mwingi hukua polepole. Ndugu uliyetuletea swali hili, mwulize daktari wa baba kama CT ile ilikuwa na mzunguko wa kabla ya dawa. Kama haikuwa nao, anzeni hapo.

Muda umenibana, fundi mitambo ananionyesha kidole. Maswali mengine nimeyaweka kando. Yale ya usafishaji wa damu kwa mashine, gharama zake na bima, tutayachukua wiki ijayo saa hii hii.